Uzamivu wa kemia: msimamizi na mashine kwanza, jina la chuo baadaye

Karibu kila anayeniuliza kuhusu shahada ya uzamivu ya kemia huanza na GPA. Anataka kujua kama alama zake zinatosha. Ni swali la haki, lakini wengi wanaoshindwa kumaliza hawaangushwi na alama. Hukwama mwaka wa pili au wa tatu: friji imejaa sampuli, mashine ya kuzipima iko nchi nyingine, msimamizi hajibu barua pepe, na ofisi ya fedha inadai ada. Mwongozo huu nimeupanga ili usifike hapo, ndiyo maana sehemu ya msimamizi ni ndefu kuliko sehemu ya udahili.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye kemia ya mazao asilia, yaani kutenga na kutambua kampaundi zilizomo kwenye mimea. Fani hiyo imeota mizizi Afrika Mashariki, na NAPRECA, mtandao wa utafiti wa mazao asilia wa Afrika Mashariki na Kati, umekuwa ukiwaunganisha watafiti wake kuanzia Addis Ababa hadi Dar es Salaam tangu miaka ya 1980. Anayefanya kemia ya mazingira, ya vichocheo au ya nadharia atakuta hatua ni zilezile, vifaa tu ndivyo vinavyobadilika.

Hatua ya 1: Elewa unachotakiwa kuthibitisha

Uzamivu ni ngazi ya 10 kwenye mfumo wa sifa za elimu Tanzania, na Kenya ni hivyohivyo. Juu yake hakuna ngazi nyingine. Tofauti yake na uzamili ni moja: mwisho wa safari lazima uwe umeongeza kitu ambacho hakikuwepo kwenye maarifa ya kemia, na uweze kukitetea mbele ya watu wanaoijua fani kuliko wewe.

Kitu hicho kinaweza kuwa kampaundi ambayo haijawahi kuelezwa popote, njia mpya ya kutengeneza molekuli, mbinu ya kupima kiuatilifu kwenye maji kwa kiwango kidogo kuliko mbinu zilizopo, au maelezo ya namna mmenyuko fulani unavyokwenda hatua kwa hatua. Kutaja tu kwamba mmea una makundi ya kawaida ya kemikali kama alkaloidi, tanini na saponini hakutoshi. Kazi ya namna hiyo ni ya shahada ya kwanza, na inanisikitisha kuona watu wazima wenye akili nzuri wakipoteza miaka juu yake kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Hatua ya 2: Kagua sifa za kuingia

Kwa vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda unahitaji shahada ya uzamili ya kemia au fani ya karibu nayo kama biokemia au kemia ya dawa, kutoka chuo kinachotambuliwa. Uzamili uliofanya kwa utafiti na tasnifu una uzito zaidi kuliko ule wa madarasa pekee, kwa sababu unaonyesha kwamba umewahi kukaa na tatizo moja muda mrefu. Kama wako ni wa madarasa, makala moja iliyochapishwa au mwaka mmoja wa kazi ya maabara yenye maandishi husaidia kuziba pengo.

Andaa mapema vyeti, nakala za matokeo, wasifu wa kitaaluma na majina ya wadhamini wawili au watatu wanaokujua kikazi. Mdhamini mzuri ni yule aliyekuona ukifanya kazi maabara, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua ya profesa mkubwa inayosema tu ulikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu haikusaidii.

Hatua ya 3: Tafuta msimamizi, kisha uliza kuhusu mashine

Hapa usiharakishe. Soma makala tatu au nne za hivi karibuni za kila mtu unayemfikiria. Angalia mambo mawili. La kwanza, je, wanafunzi wake ndio waandishi wa kwanza kwenye makala? Hiyo ni dalili kwamba kazi za wanafunzi zinafika mwisho na wanapewa haki yao. La pili, soma sehemu ya mbinu uone vipimo vya NMR (vinavyoonyesha muundo wa molekuli) na vya uzito wa molekuli vilifanyika wapi. Kama kila makala inaonyesha sampuli zilipelekwa Ujerumani, Afrika Kusini au Botswana, basi zako nazo zitasafiri, na unatakiwa kujua nani analipa na foleni ina urefu gani.

Kisha mwandikie. Barua iwe fupi: wewe ni nani, umesoma makala yake ipi, umeona swali gani ambalo bado liko wazi, una ujuzi gani wa mikono, na unapanga kupata fedha wapi. Usitume barua moja kwa wasimamizi ishirini, maana wanajuana, na barua za jumla hutambulika kwa mstari wa kwanza tu.

Akikubali mzungumze, muulize kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka:

- Ana wanafunzi wangapi wa uzamivu sasa, na waliomaliza karibuni walichukua miaka mingapi?
- Mashine zipi ziko idarani na zinafanya kazi leo? Mashine iliyoharibika kwa kukosa kipuri haihesabiki.
- Kemikali na viyeyushi vinanunuliwa kwa fedha zipi?
- Anastaafu lini? Swali hili huonekana la utovu wa adabu, lakini unaweza kuuliza kwa njia laini: "Profesa, ratiba yako ya miaka minne ijayo ikoje?"
- Msimamizi wa pili atakuwa nani?

Baada ya hapo zungumza na wanafunzi wake akiwa hayupo. Kaa nao kantini na uwaulize wanakutana naye mara ngapi na sura ya tasnifu hurudi baada ya muda gani. Mwanafunzi akitafuta maneno kwa muda mrefu kabla ya kujibu, umeshapata jibu.

Chuo chenye jina dogo na msimamizi anayesoma kazi yako ndani ya wiki mbili kitakufikisha kuliko chuo kikubwa ambacho unamfukuzia mtu kwenye korido. Hilo nalisema bila kusita.

Hatua ya 4: Panga fedha za miaka yote

Kosa la kawaida ni kuhesabu ada peke yake. Kemia ina gharama ambazo mwenzako wa historia hana: viyeyushi kwa ndoo, silika (unga wa kutenganishia kampaundi), mabamba ya TLC (yanayoonyesha kampaundi zilizotengana kama madoa), viyeyushi vyenye deuteri, yaani hidrojeni nzito, kwa ajili ya NMR, malipo ya vipimo, usafirishaji wa sampuli, na safari za kukusanya mimea. Andika bajeti ya miaka mitatu au minne, vipimo viwe na mstari wake, halafu ongeza miezi sita ya kuchelewa.

Vyanzo vya kufuatilia: DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, wana mpango wa kufadhili wanafunzi wanaosoma ndani ya nchi zao au ukanda wao kusini mwa Sahara. PASET, mpango wa ushirikiano wa nchi za Afrika kukuza ujuzi wa sayansi, kupitia mfuko wake wa ufadhili RSIF unaosimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, umelenga uzamivu wa sayansi na teknolojia. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, imekuwa ikiwafadhili wanawake wa sayansi kutoka nchi kama Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, nao husoma katika nchi nyingine inayoendelea. Kama umeajiriwa chuoni kama mhadhiri msaidizi, omba likizo ya masomo kwa maandishi kabla hujajisajili, na uhakikishe barua inasema wazi kama mshahara unaendelea. Zingatia pia umri wa shahada yako: wafadhili wengi huweka kikomo cha miaka tangu upate ile ya mwisho, kwa hiyo kusubiri sana baada ya uzamili kunakufungia milango.

Hatua ya 5: Pendekezo la utafiti na vibali

Pendekezo zuri la kemia lina swali moja kuu na malengo mahususi matatu au manne yanayofuatana. Lijenge ili lengo la kwanza likishindikana, la pili bado liweze kutembea. Usiandike kwamba utagundua dawa ya malaria. Andika kwamba utatenga kampaundi kutoka kwenye magome ya mmea fulani, utatambua maumbo yake, na utapima uwezo wake dhidi ya vimelea kwa kulinganisha na dawa inayojulikana. Jopo litakuheshimu kwa kutojikweza.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, tafuta yaliyokwishafanyika. Chuo chako kikiwa kimejisajili kwenye Research4Life, una njia ya kusoma majarida mengi ambayo kwa kawaida hulipiwa. Waulize wakutubi, wengi wanaijua na hawapati wa kumsaidia. Tafuta kwa jina la kisayansi la mmea pamoja na majina yake ya zamani, kwa maana wataalamu wa mimea hubadilisha majina, na kampaundi uliyoidhania mpya inaweza kuwa ilishaelezwa chini ya jina lililoachwa.

Vibali vishughulikie sambamba na pendekezo. Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania, shughuli za vibali vya utafiti ziko chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sampuli za mimea zikivuka mpaka kuna makubaliano ya kuhamisha sampuli, na kuna Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, inayolinda haki ya nchi na jamii kunufaika na rasilimali zao. Kama mganga wa jadi ndiye aliyekuonyesha mmea, makubaliano naye yaandikwe na jina lake liheshimiwe jinsi anavyotaka mwenyewe. Hilo ni deni la kweli na lisisubiri mtahini aulize.

Kila mmea unaouchuma, peleka kielelezo kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya chuo au ile ya Makumbusho ya Taifa Nairobi, upewe namba. Bila namba hiyo jarida la maana halitapokea kazi yako.

Hatua ya 6: Miaka ya maabara

Anza na usalama, na uuchukulie kama sehemu ya sayansi yenyewe. Mwezi Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya daimethili zebaki, sumu kali sana, kwenye glovu. Alikuwa mtaalamu, alikuwa chini ya kabati la kufyonza mvuke, na alikuwa amevaa glovu za mpira kama kanuni za wakati ule zilivyotaka. Kemikali ile ilipenya glovu ndani ya sekunde. Alifariki Juni 1997. Soma karatasi ya usalama ya kila kemikali kabla hujafungua chupa, na ujue glovu zako zinazuia nini na haziwezi kuzuia nini. Kama kabati la kufyonza mvuke la idara yenu halifanyi kazi, kazi ya klorofomu na diklorometheni isubiri mpaka litengenezwe. Hakuna tarehe ya mwisho yenye thamani ya ini lako.

Sasa kazi yenyewe. Kausha mmea kivulini, usage, uloweke. Usiukimbize kwenye moto. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobeli 2015 kwa ajili ya artemisinini, dawa ya malaria, alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipobadili namna ya kuchuja dawa kwenye mmea: badala ya joto kali alitumia etha, inayochemka kwa joto dogo, kwa sababu joto lilikuwa linaua kile alichokuwa anakitafuta.

Dondoo, yaani kile kiyeyushi kilichokitoa kwenye mmea, ukishalipata, linaingia kwenye kolamu (bomba la kutenganishia) ya silika. Unaanza na heksani, unaongeza ethili aseteti kidogokidogo, unapokea chupa baada ya chupa, na kila chupa unaidondoshea kwenye bamba la TLC na kulitazama chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254. Madoa yanayofanana unayaunganisha. Klorofili ikikusumbua, pitisha kwenye Sephadex LH-20 (vichembe vya jeli vinavyotenganisha molekuli kwa ukubwa) kwa mchanganyiko sawa wa methanoli na diklorometheni. Hapa kinachohitajika ni subira. Anayeharakisha kolamu hupata mchanganyiko, na mchanganyiko hausomeki kwenye NMR.

Kuna mtego mmoja ambao natamani kila mwanafunzi aujue siku ya kwanza. Utapata kampaundi safi, nyingi, yenye alama mbili kwenye NMR ya hidrojeni karibu na 7.7 na 7.5 ppm, na nyingine karibu na 4.2. Kwenye kipimo cha uzito, kilele kikubwa kitasimama kwenye 149. Furaha itakujaa. Hiyo ni fthaleti, kemikali ya kulainisha plastiki, iliyotoka kwenye ndoo, mipira na vifuniko ulivyotumia kuhifadhi viyeyushi. Zipo makala zilizochapishwa zikiieleza kama zao la mmea. Hifadhi kila kitu kwenye vioo, nereka viyeyushi vyako upya, na pitisha kiyeyushi kitupu kwenye hatua zote za kazi uone kinaacha nini.

Daftari la maabara liwe la kurasa zilizoshonwa, lenye tarehe, uzito na namba ya kila chupa. Andika siku hiyohiyo. Data za NMR omba faili ghafi, usiridhike na picha ya karatasi, na uzihifadhi sehemu mbili tofauti.

Kwa kila kampaundi mpya, kusanya seti kamili ukiwa bado nayo mkononi: NMR ya hidrojeni na ya kaboni, zile za pande mbili yaani COSY, HSQC, HMBC na NOESY (zinaonyesha atomu zipi zimeungana au ziko karibu), uzito wa molekuli wa usahihi wa juu, infraredi, UV, mzunguko wa nuru (jinsi kampaundi inavyozungusha nuru iliyonyooshwa upande mmoja), na kama ni kigumu, kiwango cha kuyeyuka. Wengi husahau mzunguko wa nuru na kukumbushwa na mhakiki wakati sampuli imeshaisha kwenye vipimo vya bakteria. Anza na vipimo visivyoharibu sampuli, vinavyoila viwe mwisho.

Hatua ya 7: Chapisha ukiwa njiani

Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya vya 2014 vinadai mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala mbili kwenye majarida yenye uhakiki. Kwingineko kanuni hutofautiana kwa chuo, kwa hiyo chukua kitabu cha kanuni za uzamivu cha chuo chako siku ya usajili na uweke alama kwenye ukurasa huo. Hata pasipo na sharti, chapisha. Maoni ya wahakiki ni mazoezi ya utetezi.

Jihadhari na majarida ya kitapeli, yale yanayokuandikia barua pepe ya sifa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa. Makala ikishatokea huko huwezi kuipeleka tena kwenye jarida la heshima. Tanzania Journal of Science na Bulletin of the Chemical Society of Ethiopia ni majarida ya kwetu yenye historia. Kwa kazi kubwa, thubutu kwenda kwenye majarida ya kimataifa ya mazao asilia. Kukataliwa huko si aibu, na mara nyingi barua ya kukataa ina ushauri wa bure kutoka kwa mtu aliyebobea.

Hatua ya 8: Tasnifu na utetezi

Anza kuandika sura ya mbinu wakati bado uko maabara, kwa sababu ndiyo ngumu kukumbuka. Sura ya matokeo ya kila kampaundi iandike mara data zinapokamilika. Ukifanya hivyo, mwaka wa mwisho unabaki na utangulizi, mjadala na kusafisha. Tasnifu itapitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, basi hata sentensi zako za makala uliyochapisha ziandike upya au zitaje chanzo.

Wasilisha taarifa ya nia ya kukabidhi tasnifu mapema, maana chuo kinahitaji muda wa kuteua watahini, na mtahini wa nje huweza kukaa nayo miezi. Wakati huo usipotee. Soma tasnifu yako tena ukiwa na kalamu nyekundu.

Kwenye utetezi wa mdomo utawasilisha kazi, kisha maswali yafuate. Mengi hayahusu mambo makubwa. Kwa nini umesema ni isoma hii (mpangilio huu wa atomu zilezile) na si ile? Uhusiano gani kwenye HMBC ndio uliokupa nafasi ya kundi hili? Alama ya 1.56 kwenye spektra hii ni ya nini? (Ni maji ndani ya klorofomu yenye deuteri. Ukisema ni kundi la methili, umejitia shidani.) Ulirudia kipimo mara ngapi? Dondoo linaua bakteria kwa kulinganisha na dawa gani, kwa kiwango gani? Ukiwa hujui, sema hujui, kisha eleza ungefanya jaribio gani ili ujue. Omba wenzako wakufanyie utetezi wa majaribio, na mmoja wao awe mtu wa fizikia au baiolojia, maana huuliza yale ambayo wanakemia wameyazoea.

Matokeo ya kawaida ni kufaulu kwa masharti ya masahihisho. Tengeneza jedwali: hoja ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Msahihishaji akiona jedwali hilo hupitisha haraka.

Ukienda nje

Marekani hawadai uzamili. Shahada ya kwanza nzuri inatosha, ila safari ni ya miaka mitano au zaidi. Idara nyingi za kemia hugharamia ada na kukupa posho ukifundisha maabara za wanafunzi wa mwanzo au ukifanya utafiti. Maombi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Idara nyingi zimeacha kudai GRE, mtihani wa kuingia shahada za juu, lakini mtihani wa Kiingereza wa TOEFL au IELTS bado unahitajika kwa wengi wetu, na ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe. Vyuo vilivyosaini makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili havitakulazimisha kujibu ofa ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo usiogope kusubiri. Mwaka wa kwanza ni madarasa na kuchagua kundi la utafiti. Mwaka wa pili au wa tatu unakuja mtihani wa utahiniwa, wa kuthibitisha kwamba unafaa kuendelea, mbele ya jopo, na anayeufeli mara nyingi huondoka na uzamili.

Ujerumani unaanza na profesa moja kwa moja. Akikupokea, mara nyingi unakuwa mwajiriwa wa mkataba wa daraja la mshahara la E13 kwa nusu au theluthi mbili ya muda, miaka mitatu hadi minne, na unatoka na Dr. rer. nat., yaani udaktari wa sayansi asilia. Kwa kawaida uzamili unahitajika. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, na utetezi ni chumba kimoja, watahini wawili na wewe.

Ukirudi Tanzania na shahada ya nje, peleka vyeti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) vitambuliwe kabla hujaomba kazi ya uhadhiri. Kenya pia kuna utaratibu wa kutambua na kulinganisha shahada za nje. Kabla hujaondoka chuoni ulikosoma, hakikisha una cheti halisi, nakala ya matokeo yenye muhuri, barua ya kuthibitisha lugha ya kufundishia, na anwani ya ofisi ya usajili inayojibu barua pepe. Kufuatilia karatasi hizo ukiwa mbali huchukua miezi.